Usiwatume Vijana kwa Sichone

Tunduma, mpakani

Kaka yangu Luhende,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu wote mlioko hapo nyumbani Maswa. Mguu wa mama unaendeleaje? Niliambiwa sasa anakwenda kisimani mwenyewe, nami sikuamini mpaka nilipoapiwa. Pamba imeshanunuliwa au bado imejaa kwenye chumba cha wageni? Huku kuna baridi na vumbi, na foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia inafika mpaka Mpemba. Mimi ni mzima. Nikisema mzima nina maana kwamba natembea, natafuna kwa upande mmoja wa mdomo, na nalalia ubavu wa kushoto tu.

Najua umekasirika. Ndaki, mtoto wa baba mdogo, alinipigia kutoka bondeni Momba akiwa na furaha kama mtu anayetangaza harusi. Anasema umeagiza vijana waache ng'ombe kwa siku mbili, waje Tunduma na fimbo, wamalizane na mzee Sichone, yule Mnamwanga muuza spea, eti ndiye aliyenisababishia kipigo. Nilimkataza, akasema anasikia neno lako wewe tu, akakata simu. Kaka, simamisha jambo hilo. Ukiipata barua hii hata uwe katikati ya shamba, tafuta simu, mwambie baba mdogo mzee Sichone asiguswe. Mimi nimeshindwa kukueleza kwa simu kwa sababu kila nikianza unanikatisha kwa matusi, halafu salio linaisha. Basi kaa chini usome. Ukiona hasira inapanda, mpe shemeji akusomee, lakini ifike mwisho.

Unajua niliacha ng'ombe wa baba mdogo nikaweka meza ya ufundi Mlowo, barazani kwa muuza mbolea. Redio, simu, vipaza sauti vya makanisa, vyote vilipita mikononi mwangu, na jina langu lilianza kujulikana. Mwezi wa sita Bosi Mwasile, mwenye mashimo ya dhahabu kule Galula, aliniletea ditekta yake kwa pikipiki. Ni ile mashine ya kusaka dhahabu, yenye sahani unayoipitisha juu ya udongo, ikikuta madini inalia. Watu wake kumi na zaidi walikuwa wanakula kwa sauti ya ile mashine, na ilikuwa imenyamaza.

Ugonjwa niliuona upesi. Ilikuwa imekufa transista moja, ile inayosukuma umeme kwenda kwenye sahani. Haikuwa kama zile za redio ulizonifundishia wewe. Ni ya aina mpya, yenye mguu mmoja unaoitwa geti, na ukigusisha umeme kidogo tu kwenye geti, umeme mkubwa unapita kwenye miguu mingine. Mlowo hazikuwepo. Nikapanda gari mpaka Tunduma kwa mzee Sichone.

Kibanda chake kiko nyuma ya wabadilisha fedha, hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka. Umri wake ni kama wa baba angekuwa hai. Alifanya kazi miaka mingi karakana ya mgodi wa shaba kule Zambia, mgodi ulipouzwa akapunguzwa, akarudi na sanduku la vifaa na Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba. Alinipa transista nne. Zilikuwa zimechomekwa miguu kwenye sponji nyeusi.

"Iwe, Msukuma," akaniambia, yaani wewe, "usizitoe humu mpaka chuma chako cha kuchomelea kiko moto. Na hilo sweta ulivue."

Nikacheka, na waliokuwa pale nikawachekesha. Nikamuuliza kama ananiuzia transista au mayai. Hakucheka. Alinirudishia chenji akageukia mteja mwingine.

Nilipofika mezani kwangu nikafanya ulivyonifundisha. Unakumbuka? Mguu mchafu haushiki risasi ya kuchomelea, ulikuwa unasema, kwa hiyo sugua kwenye sweta mara tatu mpaka ung'ae. Na mimi nikazitoa zote nne kwenye sponji, nikazisugua moja moja kwenye lile sweta la bluu la mtumba, la nailoni, ambalo nikilivua wakati wa baridi nywele zinasimama. Nikachomelea ya kwanza. Nikapitisha sahani juu ya kisu cha muuza mbolea, ditekta ikalia vizuri kabisa. Bosi Mwasile alinipiga begani akaniita profesa.

Siku ya tatu ikanyamaza huko Galula. Wakairudisha. Nikaweka ya pili, ikafa palepale kabla sijafunga skrubu. Nikaweka ya tatu, ikafanya kazi siku tano, ikawapeleka kwenye mkondo mmoja wa udongo mwekundu, wakachimba mpaka kiunoni, halafu ikafa wakiwa ndani ya shimo. Ya nne haikuwaka hata kidogo. Hapo wakaja watu sita kwa pikipiki tatu, na Bosi Mwasile mwenyewe akanishika koo akanibana kwenye ukuta, miguu yangu ikawa inatafuta chini.

"Umenyofoa vitu vya ndani," akasema. "Umeniwekea takataka. Unajua wewe, tuna siku ngapi hatujala?"

Sikujua kwa nini zinakufa. Pumzi ilikuwa inakatika, na mbele yangu kulikuwa na mtu ameshika sururu. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia: Sichone ameniuzia feki. Mkono ulilegea shingoni hapohapo. Wakanipandisha pikipiki ya mbele ili nikawaonyeshe.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Njia nzima kutoka Mlowo mpaka Tunduma nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba nikifika nikasita, wataona tumekula njama. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili unaijua, maana tumezaliwa tumbo moja na hasira zetu ni zile zile. Kufika pale kibandani nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba mzee yule kanidhalilisha kweli. Alikuwa ameinama anapima redio. Aliponyanyua uso kunisalimia, nikampiga ngumi ya mdomo. Sikutanguliza hata neno.

Aliangukia redio zake. Nikamvuta miguu nikamtoa nje, nikapiga kelele soko lote lisikie: "Tapeli! Anauza feki!" Unaijua mipaka ilivyo. Wapakia mizigo waliacha mikokoteni, watu wasiomjua wala kujua transista ni nini wakaja na miguu yao. Nilisikia mbavu zake zikilia. Nilisikia mtu anacheka. Mmoja wa vijana wa Mwasile akaulaza mkono wa kulia wa mzee juu ya chuma cha kizingiti akaukanyaga kwa buti la mgodini, mara mbili, na mlio wa vile vidole sitausahau. Kisha mtu mmoja akauliza kwa sauti nani ana petroli. Kaka, Tunduma petroli inauzwa kwenye chupa kila kona. Ilikuwa inakuja.

Kilichomwokoa ni mke wake, Mama Chola, anayeuza vitenge upande wa pili wa barabara. Alipita katikati ya miguu akamlalia. Walimpiga naye mateke mawili matatu kabla hawajaona kuwa ni mwanamke. Akainua uso, hakuwaangalia wale wengine, aliniangalia mimi.

"Maliza basi," akasema. "Umeanza wewe, maliza."

Watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, yule wa petroli naye akaondoka na chupa yake. Sisi tukapanda pikipiki. Nisikudanganye, nilijisikia vizuri. Tulisimama Mpemba tukala nyama choma, na nilikula kuliko wote.

Ditekta bado ilikuwa haiwaki. Nikaagiza transista mbili Dar es Salaam, kwenye duka kubwa, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye mfuko unaong'aa, na karatasi yake. Hizo hakuna wa kuziita feki. Nikazitoa, nikazisugua kwenye sweta, nikachomelea. Ya kwanza ikafa papo hapo. Ya pili ikakaa siku moja. Nilikaa mbele ya meza nikitazama mikono yangu, nikajua kwamba kosa lolote lililopo linatoka humo, ingawa sikujua ni kosa gani.

Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kwa Sichone. Mama Chola alinipokea na mchi wa kinu ameuinua juu ya kichwa changu, na angeushusha ni haki yake. Mzee alisema kutoka ndani kwamba niachwe nipite. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, taya limefungwa kitambaa, mkono una plasta mpaka kwenye kiwiko. Nikamweleza za Dar es Salaam nazo zimekufa. Akasema kwa meno yaliyobanwa, "Nionyeshe unavyofanya."

Nikatoa transista moja iliyokufa nikaisugua kwenye sweta mara tatu. Mzee akafumba macho. Akamwambia mkewe afunge mlango na dirisha, mchana ule ule, chumba kikawa giza. Kisha akaniambia nivue sweta kwa haraka. Likalia tatata, na cheche za bluu zikaruka kifuani kwangu na mikononi. Nimezisikia cheche hizo maisha yangu yote nikazidharau.

"Hizo ni volti maelfu," akasema. "Hazikuumizi wewe kwa sababu ni za mara moja. Lakini transista hii ndani yake, kati ya geti na njia ya umeme, kuna utando wa oksidi. Ni kama kioo. Chukua unywele wako upasue mara mia tano, ndiyo unene wake. Umefanywa mwembamba makusudi, ili geti lisikie umeme kidogo. Ukiwa mnene, geti linakuwa kiziwi. Lakini wembamba huo unavumilia volti ishirini hivi, thelathini. Wewe umeuletea maelfu."

Nikamuuliza kwa nini nyingine zilifanya kazi kwanza.

"Kwa sababu jeraha si kifo," akasema. "Pengine utando unatoboka wote, kitu kinakufa mkononi mwako. Pengine unachubuka tu. Kinawaka, mteja anakushukuru, kumbe umeme unavuja kidogo kidogo pale palipochubuka, panapata joto, panapanuka, mpaka siku panapasuka. Hata ukikipasua ukitazame, hutaona kitu. Ile ya siku tatu haikufia Galula, Masanja. Uliiua mezani kwako." Akapumzika, taya lilikuwa linamuuma. "Na za kwenye simu na kompyuta ni nyembamba zaidi. Hizo utando wake unavujisha umeme hata ukiwa mzima. Ndiyo maana simu mpya inapata joto na betri inaisha imelala."

Mzee yule anapenda kufundisha, Kaka. Alikuwa anamfundisha mtu aliyemvunja taya, na kwa dakika ile nadhani alisahau kwamba ni mimi. Kisha akakumbuka, akageuza uso ukutani.

Nikwambie ukweli, pale nilipotakiwa kulia nilishikwa na hasira, na ilikuwa juu yako. Nilitamani ungekuwa karibu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusugua. Baadaye nikaona ni upuuzi, maana transista za zamani za redio hazina utando huo, ungezisugua mwaka mzima zisife, na wewe ulifundishwa hivyo na aliyekufundisha. Lakini Sichone aliniambia. Alinitamkia kwa mdomo wake mwenyewe nivue sweta, nami nikawachekesha watu.

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. "Awe," akasema, yaani hapana. "Sijakusamehe. Nenda Galula ukawaambie."

Nilikwenda. Nilimkuta Bosi Mwasile chini ya turubai, nikamweleza yote mbele ya watu wake, kuanzia sweta mpaka utando. Wakanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule mzee hakuwa na kosa," akasema Mwasile.

"Hakuwa nalo."

"Na mimi nilisimama pale naangalia anakanyagwa mkono."

Aliinuka akachukua mpini wa chepe. Kaka, wale watu hawakunipiga kwa ajili ya ditekta, hilo nataka ulijue vizuri. Aliyenipiga kuliko wote ni yule kijana wa buti. Alikuwa analia huku ananipiga, kamasi zinamtoka, anarudia neno moja, "Umenifanya niwe nini? Umenifanya niwe nini?" Meno matatu nimeyaacha Galula, na mbavu mbili zilivunjika. Waliponichoka, wao wenyewe wakanifunga kwenye pikipiki wakanipeleka zahanati, na Mwasile akanishikia maji ninywe. Siku hizi anapita kwa Sichone kila gulio na kuku au mchele, anauweka mlangoni anaondoka bila kuingia.

Hicho ndicho kipigo changu, na hakuna Mnamwanga aliyenigusa.

Sasa niko kibandani kwa Sichone. Mkono wake wa kulia haufungi, hawezi kushika chuma cha kuchomelea, kwa hiyo mimi ndiye mkono wake. Amenifunga waya kwenye kifundo cha mkono, mwisho wake umefungwa kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini, ili umeme wote wa mwilini ushuke huko. Watoto wa shule wakipita wananililia kama mbuzi. Hajanisamehe. Kila mteja akija, kabla ya kumuuliza shida yake, mzee ananinyooshea kidole na kusema, "Huyu ndiye aliyenipiga." Na mimi najibu, "Ndiyo, ni mimi." Mmoja alinitemea mate. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alinichapa mwavuli kisha akatoa redio yake nitengeneze. Mama Chola hajanisemesha tangu siku ya mchi. Chakula changu anakiweka chini karibu na mlango na kugeuka.

Kwa hiyo vijana wakija, wampige nani? Mkono gani uliobaki wa kuvunja? Kama lazima fimbo ishuke, waanze na mimi niliyeanza. Ukimgusa mzee huyu tena, Luhende, usiniite ndugu yako, nami sitarudi Maswa hata kuzika mtu. Nimesema.

Na wale unaowafundisha hapo, najua siku hizi wanatengeneza simu, wakataze kusugua. Waguse chuma kilichoingia ardhini kwanza, na masweta wavue. Usione aibu kuwaambia kwamba hukujua.

Nisalimie mama, mwambie meno yametoka ya pembeni tu, nikifumba mdomo hayaonekani. Msalimie shemeji, na shangazi anayefuma mikeka, na mjomba mwenye jeraha la nyoka, na yule mzee jirani ambaye redio yake nilijifunzia ikaharibika. Mwambie sijamsahau. Binamu zangu wote wa kike wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekosa na ninayefanya kazi,

Masanja

Nimeifungua tena bahasha. Wamekuja leo, saa nne asubuhi, Ndaki na wenzake wawili, kabla barua haijaondoka. Ndaki aliuliza mbele ya wateja, "Sichone ni yupi?" Mzee akasimama akasema, "Ni mimi." Hakurudi nyuma hata hatua. Ndaki akainua fimbo. Nilitoka kwenye kiti kwa nguvu mpaka waya ukakatika, nikajirusha katikati, fimbo ikanipata palepale kwenye mbavu mbovu, na ya mwenzake ikanipata bega nikiwa tayari nimeanguka. Hawakuona kwamba ni mimi mpaka nilipolala chini mavumbini.

Mzee Sichone akawatazama wote watatu, akaninyooshea kidole kile kilichopinda. "Huyu ndiye aliyenipiga," akasema.

Nikajibu kutoka chini, "Ndiyo, ni mimi."

Ndaki alibaki ameinua fimbo kwa pigo la pili, hajui aishushie wapi. Nikawaeleza yote nikiwa nimelala, mpaka wakakaa chini na kuziweka fimbo kando. Ndaki anakuja huko kumwona mama, ndiye atakayekuletea barua hii.

Kisha Mama Chola akaja kutoka upande wa pili wa barabara na beseni la maji ya moto na kitambaa. Akapiga goti nyuma yangu, akapandisha shati, akanikanda mgongo kwa nguvu zake zote, bila huruma, mpaka nikapiga kelele.

"Nyamaza," akasema. "Yeye hakulia."